Kiwanja kilichokuwa kituo cha mafuta: kupima kabla ya kujenga

Mnunuzi wa kiwanja cha namna hii huuliza kwanza tangi liko wapi. Si swali baya, ila petroli huvuja pia kwenye maungio ya mabomba, chini ya pampu, na pale lori liliposhushia mafuta. Kabla ya kutoboa, tafuta michoro ya zamani, waulize waliofanya kazi hapo, kisha chora njia yote ya mafuta kutoka mdomo wa kujazia hadi pampu. Mashimo ya uchunguzi yaufuate mchoro huo. Kutoboa kwa miraba ya umbali sawa kiwanja kizima waachie wasiojua chanzo kiko wapi.

Sampuli ndizo huharibu kazi nyingi. Petroli hupaa. Udongo ukiachwa juani kwenye ndoo huku fundi akiandika lebo, benzini, kemikali yenye sumu iliyomo kwenye petroli, inakwenda zake, na maabara itakupa majibu safi ya kiwanja kichafu. Chota mara tu udongo unapotoka, katikati ya bonge. Jaza chupa ya kioo hadi juu, pasibaki nafasi ya hewa. Futa nyuzi za mdomo wa chupa: chembe za mchanga zikibaki hapo, kifuniko hakibani na mvuke unatoroka njiani. Kisha weka kwenye boksi la barafu, nyuzi joto 4 hivi. Usichanganye udongo wa mashimo kadhaa kwenye chupa moja ili kupunguza gharama. Kule kukoroga tu kunafukuza mvuke, na wastani unaficha palipochafuka zaidi. Kipima mvuke cha mkononi kinasaidia kuchagua kina cha kuchota, lakini dizeli hukipita kirahisi kwa kuwa haipai sana.

Kwenye maji ya ardhini, petroli huelea. Sehemu yenye matundu ya bomba la kisima cha uchunguzi ianzie juu ya usawa wa maji na ishuke chini yake, masika na kiangazi. Ikizama yote, utachota maji yaliyo chini ya mafuta na kudhani kisima ni safi. Viyeyushi vyenye klorini, vile vya kuondolea grisi karakana, ni kinyume: huzama hadi vikutane na tabaka la mfinyanzi. Ukilitoboa bila kuziba, umevifungulia njia ya kushuka.

Kusafisha kunategemea udongo. Kwenye mchanga, kufyonza mvuke kwa pampu kunafaa. Kwenye mfinyanzi hewa haipiti, bora kuchimba. Udongo wenye dizeli hurundikwa ili bakteria waule uchafu, wakipewa hewa, unyevu, na mbolea kwa uwiano wa takriban 100:10:1 wa kaboni, nitrojeni na fosforasi. Wapo wanaomwaga urea bila kupima. Chumvi na amonia vikizidi, bakteria hudumaa au kufa. Risasi, ile metali iliyotiwa kwenye petroli ya zamani, haiozi hata kidogo: iondolewe, ifungwe kwa saruji, au ifunikwe.

Shimo lisifukiwe kabla ya majibu ya sampuli za kuta na sakafu yake. Kifusi cha kufukia nacho kipimwe, maana hakuna ajuaye kimetoka wapi. Na kama mvuke kidogo umebaki, utando wa kuuzuia hutandikwa chini ya zege la sakafu. Ukague baada ya mafundi bomba kupitisha mabomba yao, si kabla, kwa sababu matundu mengi ni yao.