Hakuna Mfumo Mmoja wa Shule Ulaya
Wengi huzungumzia "mfumo wa elimu wa Ulaya" kana kwamba Umoja wa Ulaya ndio unaoupanga, ilhali mkataba wake, katika kifungu cha 165, unaziachia nchi wanachama mitaala na mpangilio wa shule. Ufini mtoto husoma elimu ya msingi ya pamoja kwa miaka 9 bila kuchujwa. Ujerumani hata neno "nchi" halitoshi, kwa kuwa elimu iko mikononi mwa majimbo 16: mwanafunzi wa Bavaria, akiwa darasa la 4, huhitaji wastani wa 2.33 au bora zaidi (1 ndiyo alama ya juu) katika Kijerumani, hisabati na maarifa ili aingie moja kwa moja Gymnasium, yaani sekondari inayoandaa wanafunzi kwa chuo kikuu, wakati mwenzake wa Berlin kwa kawaida huhama shule baada ya darasa la 6.