Kikao sio cha mwezeshaji peke yake

Ndugu zetu wa vikundi, kuanzia wanaouza dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza, mpaka vikundi vya hisa vya Igoma, Buhongwa na kule Ukerewe, leo tuongee kuhusu vikao. Sisi maafisa tunaozungukia vikundi tunaona kitu kimoja kinajirudia, kikao kikiharibika lawama zote kwa mwezeshaji, hakujiandaa, anaongea sana, haeleweki, sawa inawezekana kabisa, ila na wewe uliyekaa pale unachati tangu mwanzo mpaka mwisho je?

Tuanze na mwezeshaji maana yeye ndo kaita watu. Ukiwaita akina mama wa dagaa saa nne asubuhi unawaonea, mzigo ndo umeanikwa na macho yote yako kwenye wingu, likidondoka tone moja wote wameondoka na huna haki ya kununa. Wavuvi wa dagaa nao kazi yao ni usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa vizuri na wengi wanapumzika, basi wapangie kikao siku hizo.

Halafu kuna hili la "Kuna mwenye swali? Hakuna ee? Haya tuendelee", yote kwa pumzi moja. Hapo hujauliza kitu. Subiri kidogo watu wainue vichwa, mgeukie yule wa karibu na mlango, "mama, hili la riba wewe unalionaje?" Na kama bibi anajieleza vizuri kwa Kisukuma mwache aseme, wa kutafsiri hakosekani, kuliko anyamaze kwa kuogopa Kiswahili chetu cha ofisini.

Sasa washiriki. Kinachoua vikundi ni kile kikao cha pili cha njiani, mkishatawanyika ndo unasikia "mimi ile faini sikuikubali ila nikaona ninyamaze tu". Ndani bubu, nje mwanasheria! Uamuzi umepita, makofi mmepiga, wiki ijayo watu hawalipi halafu katibu anaonekana mkorofi. Hukubali? Sema palepale, hata kura zikikushinda angalau imeandikwa.

Angalieni lile sanduku la hisa, vikundi vingi lina kufuli tatu na funguo ziko kwa wanachama watatu tofauti, mmoja akichelewa hakuna anayeweka wala anayekopa, mnabaki kutazamana. Utaratibu ule uliwekwa makusudi mtu mmoja asiweze kulifungua peke yake, na mwezeshaji hatakiwi kushika hata ufunguo mmoja, sasa sijui kwa nini kikao chenyewe mnataka akibebe yeye.

Simu silenti, na la posho ulizeni kabla ya kuja jamani, sio katikati ya mada.

Kingine ni "tutalifanyia kazi". Nani? Kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kukopesha vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, kikundi kinakubaliana vizuri kabisa kwamba tuombe, ila hakuna aliyetajwa jina wala nauli haijatengwa, miezi inapita kila mtu anajua mwenzake kaenda. Katibu aandike jina na tarehe, mwezeshaji asifunge kikao kabla haijasomwa kwa sauti, na aliyetajwa akikwama ampigie mwenyekiti mapema, asingoje siku ya kikao ndo atafute sababu.