"Nikashusha hadi P1": dhana potofu kuhusu makundi ya simetria ya fuwele

Vijana wanaoniletea data za eksirei hapa Mombasa, za poda na za fuwele moja, huja na maneno yale yale: "Mwalimu, programu iligoma na kundi lile, nikashusha hadi P1, sasa R imekuwa nzuri." Kundi ni jumla ya simetria za mpangilio wa atomi kwenye fuwele; P1 ni lile lisilo na simetria yoyote ila kujirudia kwa seli, kisanduku kidogo kinachojenga fuwele nzima; R ni kipimo cha tofauti kati ya modeli na data, na ikiwa ndogo ndiyo nzuri. Nimeyajibu mdomoni mara nyingi mno. Sasa nayajibu kwa maandishi.

Dhana: R ikishuka baada ya kupunguza simetria, kundi jipya ndilo sahihi

Si kweli, na hakuna dhana inayoharibu tasnifu nyingi kama hii.

Chukua zirkoni, madini yaliyokuwa yakichimbwa kwenye mchanga wa Kwale pamoja na rutaili na ilmenaiti. Kundi lake ni I4₁/amd, namba 141 kati ya makundi yote 230. Ndani ya seli mna atomi 4 za Zr, 4 za Si na 16 za O. Zr na Si zimefungwa na simetria, haziendi popote. Kinachoweza kusogea ni y na z za oksijeni, basi. Majiranukta (namba za mahali pa atomi) mawili! Ukishusha seli hiyo hiyo hadi P1, una atomi 24 zenye majiranukta 72, ukitoa matatu ya kushikilia nukta sifuri, mahali pa kuanzia kupima. Ukiipa modeli uhuru wote huo, R haina budi kushuka, modeli iwe nzima au mbovu. Kushuka kwake hakujathibitisha lolote.

Tazama bondi. Kwenye zirkoni, bondi zote nne za Si–O zina urefu mmoja, kama Å 1.62. Kwenye hiyo P1 yako, moja imefupika na jirani yake imerefuka, parameta za mtikisiko zimeingia hasi, na kwenye orodha ya uhusiano wa parameta kuna jozi zilizokaribia 1. Atomi hizo ni pacha wa simetria uliyoifuta. Programu haiwezi kuzitenganisha kwa sababu fuwele yenyewe haijazitenganisha. Hata wakubwa hunaswa: Richard Marsh wa Caltech alitumia miaka mingi kusahihisha miundo iliyokwisha kuchapishwa kwa kundi lenye simetria pungufu, Cc iliyopaswa kuwa C2/c, P1 iliyopaswa kuwa P-1.

Sasa, kwa nini programu iligoma mwanzoni? Kwenye zirkoni jibu huwa karibu lile lile: nukta sifuri. Majedwali ya kimataifa yanaliruhusu kundi 141 kuwa na nukta sifuri mbili. Kwa chaguo la kwanza, Zr iko 0, 0, 0. Kwa chaguo la pili, ambalo nukta sifuri iko kwenye kitovu cha simetria (nukta ambayo kila atomi ina pacha wake upande wa pili), Zr ile ile iko 0, 3/4, 1/8. Fundi mmoja anapima chumba kuanzia mlangoni, mwingine kuanzia kona. Chumba ni kimoja, namba ni tofauti. GSAS-II, programu ya kulinganisha modeli na data, inataka chaguo la pili. Kijana ananakili majiranukta ya chaguo la kwanza kutoka makala ya zamani, anaandika Zr 0, 0, 0, na programu inamtilia Zr 8 kwenye seli badala ya 4.

Na hapa ndipo wengi wanapopotea. Vilele vyote vya mchoro wa eksirei vinakaa mahali pake, kwa sababu seli na aina ya kimiani havijaguswa. Ni vimo vya vilele vinavyokwenda kombo. Basi mtu anasema data ni mbaya, anaomba sampuli ipimwe upya. Data haina kosa lolote. Toa 1/4 kwenye y, ongeza 1/8 kwenye z, kwa kila atomi, uendelee.

Ushauri wangu, nao sitauacha: kabla ya kugusa kundi, soma idadi ya nafasi ambayo programu imeiandika kando ya kila atomi, kisha uilinganishe na fomula. Kazi ya dakika mbili. Simetria inaweza kweli kuwa ya chini, sikatai, lakini ushahidi wake utoke kwenye data: vilele vya ziada, vilele vilivyogawanyika, miakisiko (miale iliyorudishwa na fuwele) inayovunja masharti ya kundi. Na ukishashusha, pitisha muundo kwenye ADDSYM ya programu ya PLATON, inayotafuta simetria iliyosahauliwa, kabla hujaniletea.

Dhana: P2₁/n na P2₁/c ni makundi tofauti

Ni kundi moja, namba 14, mihimili imechaguliwa tofauti. Kosa linakuja ukibadilisha jina ukasahau kubadilisha seli na faili la hkl, orodha ya miakisiko, kila mmoja ukitajwa kwa namba tatu h, k na l. Kwenye miakisiko ya h0l (k ikiwa sifuri), c ya P2₁/c hufuta yenye l witiri. N ya P2₁/n hufuta yenye h+l witiri. Angalia ni ipi iliyokosekana.

Dhana: |E²−1| ikikaribia 0.736, hakuna kitovu cha simetria

Namba hiyo ni wastani unaotokana na nguvu za miakisiko, nayo ni dokezo tu. Fuwele pacha (vipande viwili vilivyoota pamoja) huishusha namba hiyo hata kama kitovu kipo na ulitarajia 0.968.

Dhana: Programu ikikubali kundi, kundi halina kosa

Programu hufanya ulichoandika. Kwenye SHELXL, programu ya kusahihisha modeli za fuwele, amri ya LATT ikiwa chanya maana yake kitovu kipo. LATT hasi, hakipo. Ukiandika P2₁2₁2₁ kwa LATT 1 badala ya LATT -1, SYMM (mistari ya simetria) zile zile tatu zikiongezewa kitovu zinakuwa Pbca, nafasi 8 badala ya 4, na programu haitalalamika. Kama molekuli yako ni ya mkono mmoja (haifanani na taswira yake kwenye kioo, kama mkono wa kulia na wa kushoto), mathalani limonoidi, kemikali ya mwarobaini, haiwezi kukaa Pbca hata kidogo: kitovu kingedai na ile ya mkono wa pili iwepo. Rudisha alama ya kutoa, tatua muundo upya, usijaribu kuitengeneza modeli iliyokwisha kuvurugika.