Monotaipu sio fotokopi jamani

Kila nikianika monotaipu zangu (michoro ya wino ninayochapa kwenye karatasi) kwenye kamba hapa Area C, Dodoma, lazima mtu aulize "si utoe zingine kumi kama hii?", maana akisikia kuchapa anawaza steshenari. Haiwezekani, na sio uvivu wangu.

Kwenye monotaipu hakuna kitu kilichochongwa kwenye bamba. Mi natumia kioo cha dirisha bovu, kingo nimezibandika seloteipu nisijikate, napaka wino kwa rola, nafuta kwa kitambaa pale ninapotaka mwanga, nalaza karatasi juu nasugua na mgongo wa mwiko, basi, wino karibu wote umeshahamia kwenye karatasi na mchoro umeondoka nao. Ukilaza karatasi ya pili unapata mzuka tu, picha imefifia, ya tatu ndo hamna kitu kabisa.

Ila mzuka usiutupe. Mchoraji Degas wa Ufaransa, aliyefanya monotaipu zaidi ya 300, mara nyingi alikuwa anapaka pasteli (chaki za rangi) juu yake inakuwa kazi nyingine.

Afu wengine wanasema bila mashine ya kuchapia huwezi. Mashine inakandamiza vizuri zaidi, sawa, lakini kwa karatasi nyembamba mwiko unatosha. Kinachonisumbua mimi ni huu upepo mkavu wa Dodoma, wino wa maji unakauka kwenye kioo hata mbuyu ninaouchora haujapata matawi, kwa hiyo nafunga madirisha nalowesha karatasi kidogo, au natumia wino wa mafuta, kioo nasafishia mafuta ya kupikia (mama watoto hapendi).