Kipimo cha Kisima Kinapoonyesha Chumvi Pungufu

Katika visima virefu vya pwani ya Mombasa, kama Nyali, Kisauni na Likoni, maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini. Ili kujua mpaka wake, fundi hushusha kifaa chenye koili mbili. Ya kwanza hupelekewa mkondo unaogeuka, mathalani wa kilohezi 20. Ya pili hupokea ishara ya mikondo inayoamshwa mwambani. Kisima kikavu au chenye bomba la plastiki si kikwazo. Bomba la chuma ndilo linaloua kipimo kabisa.

Hesabu rahisi huchukulia kwamba uwanja wa sumaku hupita mwambani bila kupungua. Penye chumvi, mikondo iliyoamshwa huupinga uwanja ulioizaa, ishara ikadhoofika kuliko hesabu hiyo inavyotarajia na kuchelewa. Kina cha kupenya, yaani umbali ambao uwanja hufika kabla ya kudhoofika sana, kwa mita, ni 503 mara kipeuo cha pili cha ukinzani wa mwamba kwa umeme (omu-mita) uliogawanywa kwa masafa (hezi).

Chukua matumbawe yenye vinyweleo asilimia 30, yamejaa maji ya bahari ya omu-mita 0.2. Ukigawanya 0.2 kwa (0.3 mara 0.3), mwamba unapata kama omu-mita 2.2, na kina cha kupenya mita 5.3. Koili zikiachana mita 1, upungufu ni karibu theluthi mbili ya 1 kwa 5.3: asilimia 12 na ushei. Upitishaji umeme wa mwamba huo, milisimensi 450 kwa mita, utasomeka kama 393. Kwenye mwamba wa omu-mita 20 upungufu ni asilimia 4 tu, kwa hiyo huwezi kuzidisha chati nzima ya vipimo vya kisima kwa namba moja. Asiyesahihisha huona chumvi hafifu, akashusha pampu kupita kiasi.

Ili kusahihisha, anza na mfano wa mwamba mmoja usio na tabaka, kisha ongeza tabaka chache, kokotoa ishara, linganisha na chati, rekebisha. Ukiiruhusu programu tabaka ishirini itakuchorea ishirini, zipo au hazipo! Tabaka nyembamba kuliko umbali wa koili huchanganyika na jirani zake.

Kabla ya kushusha, acha kifaa kipate joto, kisha kisawazishe kwenye sifuri kikiwa kimeinuliwa hewani, mbali na gari, mabati na nyaya. Udongo wa mfinyanzi nao hupitisha umeme, na chati peke yake haiutofautishi na chumvi. Chota sampuli ya maji kwenye kina kile kile.