Majirani 38 ambao hawakuwa dirishani

Watu wakilalamika kwamba mjini jirani si ndugu, hadithi hii haikosi: Machi 13, 1964, Kitty Genovese alichomwa visu hadi kufa huko Kew Gardens, New York, huku majirani 38 wakitazama tu. Hesabu hiyo ilienezwa na New York Times. Mwaka 2016 gazeti lenyewe likakiri kasoro za habari ile.

Ilikuwa saa tisa usiku, baridi, madirisha yamefungwa. Wengi walisikia kelele tu. Mmoja alifoka kutoka dirishani, "Mwache huyo msichana!" Muuaji akakimbia. Aliporudi, alimkuta Kitty nyuma ya jengo, chini ya ngazi za ndani, ambako majirani wengi wasingeweza kuona. Jirani mmoja, ni kweli, alifungua mlango, akaona, akaufunga. Huyo sina la kumtetea.

Namba ya dharura 911 nayo haikuwapo. Ilianza Marekani mwaka 1968.

Kisha yupo jirani mwingine, Sophia Farrar. Alishuka mbio bila kujua kama muuaji angali pale, akampakata Kitty mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Wasimulizi wa wale 38 humsahau.