Banti na slepu: miguu kwanza, gongo baadaye

Kwa mabinti wetu wa softboli, mchezo ulio ndugu wa besiboli, hapa Lubumbashi, pigo la kwanza ninalofundisha ni banti: mpira unaguswa tu, unadondoka karibu, mtoto anatimua mbio. Wazazi wengine huona ni woga. Sikubaliani nao hata kidogo. Besi ya kwanza, kituo anachokikimbilia mpigaji, iko mita 18.29 tu, mlinzi akichelewa kuinama, binti ameshafika.

Kwenye banti, vitazame vidole. Mkono wa juu unapanda hadi pale gongo linapoanza kunenepa, na vidole vyote vinajificha nyuma yake. Kidole kikibaki mbele kitapondwa, na mtoto aliyeumia hivyo huogopa mpira muda mrefu. Gongo likae mbele ya mwili, usawa wa macho, ncha ikiwa juu kidogo kuliko mpini. Mpira ukija chini, magoti ndiyo yanashuka, siyo mikono. Kabla ya kumpa gongo, mrushie mpira laini audake kwa mkono huo wa juu, mahali pale pale. Na akiwa na straiki 2, yaani makosa mawili ya kupiga, banti ikitoka nje ya mstari wa pembeni wa uwanja ametolewa.

Slepu naipenda zaidi. Mpigaji husimama kama mpigaji wa mkono wa kushoto, upande ulio karibu na besi ya kwanza, na hupiga huku anakimbia. Natasha Watley, aliyetwaa dhahabu na Marekani Athens mwaka 2004, alisifika kwa pigo hili. Mguu wa kulia unarudi kidogo, wa kushoto unapita mbele yake kuelekea kwa mrushaji, ndipo gongo linaugonga mpira kwa juu. Kuelekea kwa mrushaji, nasisitiza! Wengi huchepukia besi ya kwanza mapema; bega la kulia linafunguka na mpira wa upande wa nje hawaufikii. Mimi huchora mstari wa majivu, mguu wa kushoto uufuate. Akigonga mpira huku amekanyaga nje kabisa ya kisanduku, yaani mistari anamosimama mpigaji, ametolewa pia.

Kiangazi ardhi yetu nyekundu hukauka, na slepu iliyogongwa chini hudunda juu sana. Wakati wa mvua matope huuzuia mpira. Siku hizo ni za banti.

Wakishazoea, wamtazame mlinzi wa besi ya tatu kabla mpira haujarushwa. Akisogea mbele, slepu ipite kushoto kwake. Akirudi nyuma, banti, ifuate mstari wa upande wake.